Usukani wa hidroliki kwenye malori ya zamani: kardani zipangwe kabla ya kupakia watu

Kwenye barabara ya taifa namba 5, kutoka Uvira kwenda Kamanyola ao kushuka Makobola, Mboko na Baraka, lori la zamani ndilo linalobeba unga, mafuta, magodoro na watu waliokaa juu ya mzigo. Familia nyingi zilizokimbia makwao zimesafiri hivyo. Kwa sababu hiyo, kazi ya garaji si jambo la fundi na mwenye gari peke yao.

Wenye malori wana haki ya kutaka usukani wa hidroliki. Ule wa zamani unachosha mikono, hasa lori likienda polepole na mzigo kwenye mashimo. Lakini boksi ya usukani iliyotolewa kwenye gari lingine mara nyingi haikai mahali pa ile ya kwanza. Fundi analazimika kubadilisha shafti na kuongeza kardani ili ipite kando ya injini. Hatari inaanzia hapo.

Kardani iliyopinda haizunguki sawasawa. Ikipinda digrii 30, upande wa pili wa shafti unachelewa kwa karibu asilimia 13, kisha unakimbia kwa karibu asilimia 15, mara mbili katika kila mzunguko. Kardani mbili zinaweza kurekebishana: masikio yaliyo kwenye ncha mbili za shafti ya katikati yawe kwenye mstari mmoja, na pembe zote mbili zilingane. Ncha moja ikigeuzwa robo mzunguko, kosa linaongezeka: kuchelewa kunafika asilimia 25, kukimbia 33. Kwenye kona, dereva anazungusha kidogo na magurudumu yanageuka zaidi. Kardani zikiwa tatu, shafti inahitaji pia beringi ya kuishikilia, la sivyo itayumba.

Wengine watasema pampu ina nguvu, itafunika kosa. Ni kweli inaficha uzito, lakini haisawazishi mwendo wa kardani. Na mkanda wa pampu ukikatika kwenye mteremko wa Ngomo, dereva atabaki na mikono yake na kosa la fundi.

Kupima hakuombi mashine. Magurudumu ya mbele yainuliwe kwa jeki, injini izimwe, usukani uzungushwe polepole kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia. Ukiwa mzito mara mbili kwa kila mzunguko, kardani zifunguliwe na kupangwa upya. Boliti zote zikazwe, na shafti isiunganishwe kwa kuchomelewa ovyo.

Kwenye vizuizi vya barabarani karatasi ndizo zinaulizwa. Ingefaa usukani nao uulizwe. Mwenye lori asimharakishe fundi eti soko la kesho linangoja. Na familia inayopanda na watoto ina haki ya kumuuliza dereva: usukani huu ulifungwa wapi, na nani aliupima?