Omuramura si kichaka





Mwanzoni mwa mvua zilizopita jirani yangu hapa Kaisho, kijana mwenye bidii sana, aling'oa mstari mzima wa omuramura uliokuwa kati ya migomba yake na yangu. Nilipomwuliza kulikoni, alijibu kwamba ni vichaka tu, vinaficha nyoka, na kwamba yeye ataweka mawe. Hakuwa na nia mbaya, ila hakujua maana ya jina la kitu alichokuwa aking'oa.

Omuramura ni mti wa shina jembamba na majani marefu kama upanga. Ukikata kipande na kukichomeka ardhini hushika, na hudumu kuliko aliyeupanda. Ndugu zetu Wahaya huuita omulamula. Katika Kinyambo chetu, kuramura ni kuamua shauri na kupatanisha waliogombana. Kwa hiyo wazee waliuita mti huo mwamuzi, nao waliupanda mpakani ufanye kazi hiyo. Wachagga nao wana isale, mti wa jamii hiyohiyo. Huupanda mpakani, na mtu akimkosea mwenzake humpelekea jani lake kuomba radhi. Kutoka Kilimanjaro hadi Karagwe ni mbali, lakini kazi ya mti ni ileile.

Hapa nawageukia walimu. Mwulize mtoto wa Kaisho mti mkongwe, atakutajia mwaloni, kwa kuwa amesikia habari za Abrahamu na mialoni ya Mamre. Mwaloni haujapata kuota kwetu. (Na mvuvi wa Mwanza ukimtajia mwaloni atadhani unamtuma samaki, maana kwao mwalo ni pale mitumbwi inapofikia!) Lakini mtoto huyohuyo hawezi kukuonyesha omutoma, ambao gome lake lilibanduliwa, likapondwa kwa nyundo ya mti mpaka likawa nguo, na shina likafungwa majani ya mgomba ili gome jipya liote. Wenzetu wa Uganda hawakuiacha kazi hiyo, na mwaka 2008 UNESCO iliiingiza katika orodha yake ya urithi wa binadamu. Sisi tunaukata omutoma tukapanda mkaratusi.

Sipingi upimaji wa mashamba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 ilituletea hati ya hakimiliki ya kimila, na hati hiyo ni kinga ya mnyonge. Lakini jiwe mtu mmoja hulihamisha usiku na asubuhi hakuna alama. Omuramura wa miaka 40 hauhamishiki hivyo. Ukiung'oa, mizizi inabaki inasema.

Na ndivyo ilivyokuwa kwetu. Mawe yale yaliwekwa hatua nne ndani ya shamba langu. Tuliitana mbele ya wazee, maneno yakawa makali, na wake zetu wakaacha kusalimiana. Mwishowe mzee mmoja aliomba jembe, akachimba pale alipokumbuka, tukakuta mizizi imejipanga sawasawa kama kamba. Jirani yangu alinyamaza, kisha yeye mwenyewe akaleta vipande vya kupanda upya. Leo tunasalimiana.

Naomba halmashauri za vijiji, wakati wa kupima, ziandike miti ya mpaka iliyopo pamoja na majina yake ya kienyeji, na zikataze kuing'oa bila majirani wote kuwapo. Walimu nao wawapeleke watoto kwa wazee wakaandike majina hayo na maana zake. Mzee aliyetuonyesha mizizi ile ni mkongwe sasa, hivyo waanze naye msimu huu.

Mkulima,
Kaisho, Kyerwa.