Afya Nyumbani: Mtoto Mwenye Pumu Wakati wa Baridi



Mwezi wa Juni ukifika, watu wa Kisii na Nyamira huanza kufunga milango mapema. Mji wa Kisii uko kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, na sehemu nyingi za Nyamira ziko juu zaidi. Kwa hiyo, ijapokuwa nchi yenyewe iko karibu na Ikweta, baridi ya Juni, Julai na Agosti si jambo la mchezo. Asubuhi ukungu hufunika mashamba ya chai, na jioni kila mtu husogea penye moto. Ndipo wazazi wengi husikia usiku kikohozi cha mtoto mdogo kisichokwisha, na pumzi inayolia kama filimbi. Juma hili twapenda kueleza habari za mtoto huyo.

Pumu ni ugonjwa wa njia za pumzi zilizo ndani ya mapafu. Kwa mtoto mwenye pumu, njia hizo huudhika upesi. Zikiudhiwa, misuli yake hukaza, ngozi yake ya ndani huvimba, na makohozi mazito hujaa. Basi hewa hupita kwa shida, hasa inapotoka, na hiyo ndiyo sababu ya ule mlio. Pumu haiambukizi, wala si laana, wala haikuletwa na kijicho cha jirani. Mara nyingi huonekana katika ukoo ambao wazazi au ndugu wana pumu au ugonjwa wa ngozi wa kuwasha.

Watu husema, “Baridi imemwingia kifuani.” Maneno hayo yana ukweli, lakini si ukweli wote. Hewa ya baridi yaweza kuziudhi njia za pumzi. Hata hivyo, yako mambo mawili yanayofuatana na baridi ambayo mara nyingi hudhuru zaidi. La kwanza ni mafua, ambayo huenea upesi watu wanapokaa wengi katika nyumba iliyofungwa. La pili ni moshi.

Tuseme yuko mkulima huko juu upande wa Kiabonyoru. Mvua imenyesha, kuni za mkalitusi ni mbichi, na jikoni moshi umetanda. Mlango umefungwa, dirisha limezibwa kwa gunia, na mtoto anayekohoa, kwa kuwa ndiye mgonjwa, amepewa mahali pazuri kupita wote, karibu kabisa na mafiga. Yote hayo yamefanywa kwa upendo. Lakini moto ule unaompasha joto ndio unaomziba pumzi. Kadiri anavyokohoa ndivyo anavyosogezwa motoni, na kadiri anavyosogezwa ndivyo anavyokohoa.

Twajua kwamba si rahisi kumwambia nyanya, aliyelea watoto wanane penye mafiga yale yale, kwamba mjukuu asilale jikoni kwake. Neno hili yafaa liletwe na baba wa mtoto mwenyewe, kwa adabu: “Mama, tumeambiwa hospitalini kwamba moshi unamziba mtoto. Twaomba alale nyumba kubwa, nasi tutamleta kwako mchana moto ukiwa umezimwa.” Mzee akielezwa sababu kwa heshima, mara nyingi ndiye atakayekuwa mlinzi wa kwanza wa mtoto.

Basi mtoto apashwe joto kwa nguo, si kwa moshi. Avae fulana, sweta, soksi na kofia, naye alale katika chumba kikavu. Kuni zikatwe na kuanikwa mapema, kisha ziwekwe mahali pasipofikiwa na mvua. Anayeweza na atengeneze jiko lenye dohani, au aongeze dirisha ukutani. Lakini msiingize jiko la makaa katika chumba cha kulala. Makaa yasiyotoa moshi hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, nayo huua watu usingizini.

Jua likitokea, toeni mablanketi na godoro nje. Mahindi yakipukuchuliwa, mtoto akae mbali na vumbi. Mchongaji wa mawe wa Tabaka na abadili nguo zake za kazi kabla ya kumpakata mtoto. Na mvuta sigara asivute nyumbani kabisa.

Sasa tuseme habari za dawa. Kikohozi cha mtoto mdogo si pumu kila mara. Wako wengi ambao kifua chao hulia wanaposhikwa na mafua, kisha wakikua hali hiyo huisha. Kwa hiyo mtoto apelekwe kwa daktari, amsikilize kifua na kuuliza habari zake. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki wako watu ambao, badala ya hivyo, humpeleka mtoto akakatwe kimeo. Haifai. Kimeo hakileti pumu, na kisu hicho huleta kutoka damu nyingi na vidonda vibaya.

Dawa bora za pumu ni zile za kuvuta, yaani inhela, nazo ni za namna mbili. Ya kwanza ni ya kufungua kifua, kama salbutamoli, nayo hutumika mtoto anapobanwa. Ya pili ni ya kuzuia, yenye steroidi kidogo, nayo hutumika kila siku kama alivyoagiza daktari, hata mtoto anapoonekana mzima. Hapa ndipo wazazi wengi hukosea: mtoto akilala vizuri majuma mawili, hiyo ya kuzuia huachwa, na baridi ikizidi ugonjwa hurudi kwa nguvu. Wengine huogopa kwamba mtoto ataizoea inhela kama mlevi azoeavyo pombe. Sivyo. Akishapewa dawa ya kuzuia, asukutue mdomo au afutwe vizuri.

Mtoto mdogo hawezi kuvuta dawa moja kwa moja, maana hutoka kwa kasi na kuishia kooni. Inhela hutikiswa, kisha huchomekwa katika chombo cha plastiki cha kupumulia chenye kifuniko cha pua na mdomo. Dawa hubonyezwa mara moja, mtoto akapumua polepole mara tano au sita, ndipo hubonyezwa tena. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town, Afrika Kusini, walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, ikitobolewa chini kwa kipimo cha mdomo wa inhela na kuzibwa vizuri pembeni, yaweza kufanya kazi sawa na chombo cha kununua. Mwombe muuguzi akuonyeshe namna ya kuitengeneza, na kama mtoto wako atahitaji kifuniko. Chombo kioshwe kwa maji ya sabuni na kuachwa kikauke chenyewe, bila kufutwa kwa kitambaa.

Yafaa pia kuwa na daftari, kama lile la kilo za chai. Andika usiku aliokohoa, na kila siku aliyopewa dawa ya kufungua kifua. Ikiwa mtoto asiyezidi miaka 5 huihitaji zaidi ya mara moja kwa juma, mrudishe kwa daktari na daftari lako mkononi. Hesabu hizo zitamfaa daktari kuliko maneno mengi. Na kwa kuwa dawa hukosekana mara nyingine katika dispensari, ulizieni mwezi wa Mei, si usiku wa Julai.

Mwisho, zijueni dalili za hatari: mbavu zinazobonyea anapovuta pumzi, kushindwa kunyonya, kunywa au kusema, midomo kugeuka rangi ya samawati, kulegea au kusinzia kusiko kwa kawaida. Homa kali na pumzi za mbio zaweza kuwa nimonia. Akiwa na dalili hizo, msingoje kupambazuke. Mketisheni wima, mpeni dawa ya kufungua kifua kama mlivyoelekezwa, na mwondoke naye mara hiyo kwenda hospitalini, mkiendelea kumpa njiani. Mtoto ambaye kifua kilikuwa kikilia kwa nguvu, kisha kikanyamaza naye akalegea, hajapona. Huyo ndiye aliye katika hatari kubwa kupita wote.

Wazazi wa mtoto mwenye pumu na wakubaliane leo, mchana, nani atambeba, gari au pikipiki itapatikana wapi, na nauli imewekwa wapi. Usiku wa baridi si wakati wa kuanza kuulizana.