Karai Kwanza, Kigunduzi Baadaye



Vijana wa Kalemie wanaotamani kutafuta dhahabu kama burudani wanastahili maelezo sahihi kabla ya kununua kigunduzi cha metali, yaani kifaa ambacho koili yake hutuma uga wa sumaku ardhini na kulia pale metali inapouathiri uga huo. Kifaa hicho hutambua vyema kipande kikubwa, lakini chembe laini za mitoni hukipita kimyakimya, ilhali karai linalozungushwa majini huzibakiza chini, kwa kuwa dhahabu ni nzito takriban mara saba kuliko mchanga wa kawaida wa ujazo uleule.

Zito zaidi ni sheria. Kanuni ya Madini ya Kongo ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, humruhusu kuchimba kwa mikono Mkongo mtu mzima aliye katika chama cha ushirika kilichoidhinishwa, mwenye kadi ya mchimbaji, na ndani ya eneo lililotengwa tu. Anayechimba kwa kujifurahisha hakuwekewa mlango wake.

Aidha, katika mkoa huu, ambako vita vimepita mara nyingi tangu mashua za Waingereza zilizoshushwa katika Ziwa Tanganyika karibu na mahali mto Lukuga unapotokea zilipopambana na meli ya Wajerumani mwaka 1915, mlio unaweza kutoka kwenye bomu lisilolipuka, nalo lisiguswe kamwe, bali mahali pawekwe alama na wakuu waarifiwe. Gazeti lingewasaidia sana wasomaji kwa kuchapisha orodha ya maeneo yaliyotengwa mkoani Tanganyika.

Msomaji, Kalemie