Mkimbizi akipewa rufaa ya matibabu, nani wa kumpelekea uji?

Chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 1998, mkimbizi wa Nyarugusu, kambi ya mkoani Kigoma iliyopokea Wakongo tangu 1996, hatoki bila ruhusa ya maandishi. Lakini kibali kikishapatikana, kazi ndiyo kwanza inaanza.

Hapa Mwanza, anakoletwa kutibiwa, mgonjwa hospitalini anategemea ndugu. Ndugu ndiye anayeleta uji asubuhi, anayefua shuka, anayehangaikia dawa iliyokosekana dirishani, anayechangia damu kabla ya upasuaji. Mama wa Kikongo aliyetoka Kigoma na mtoto mgonjwa hana shangazi Igoma wala binamu Kirumba. Nilipokuwa namuuguza mama yangu, kitanda cha jirani alilala mtoto wa namna hiyo. Mama yake alikikunja kibali ndani ya karatasi ya nailoni na kukifunga kwenye pindo la kitenge, hata msalani alikwenda nacho, akihofia kikipotea atakamatwa. Chai alikunywa pale wauguzaji wenzake walipomkaribisha. Watu wa Mwanza wana moyo, jamani, ila matibabu ya mtoto yasitegemee nani kalala kitanda cha pili.

UNHCR na washirika wake wanagharamia matibabu ya rufaa. Naomba wahesabu pia chakula na malazi ya anayeuguza. Maofisa ustawi wa jamii wapewe taarifa kabla mgonjwa hajafika. Nasi wakazi tuchangie damu: kituo cha damu salama cha Kanda ya Ziwa kiko hapa hapa Mwanza.