Kiingilio cha Ngumi

JICHO LA UPARENI
Na Elinisafi Mbwambo

Usiku wa vitasa, vibanda umiza vya mjini Same hujaa kama siku ya Simba na Yanga. Madereva wa bodaboda, wachuuzi wa stendi, vijana walioshuka kutoka Mwembe na Vudee, wote macho kwenye skrini. Bondia akianza kuyumba, kibanda kizima hutaka jambo moja: amalizwe.

Karim Mandonga, "Mtu Kazi", ndiye aliyewazoesha wengi kutazama ngumi kwa kicheko. Januari 2023 alikwenda Nairobi na ngumi aliyoibatiza jina la Sugunyo, akashinda. Julai mwaka huohuo alipigwa na Daniel Wanyonyi hukohuko Nairobi, na siku chache baadaye akapanda ulingoni Mwanza kuzichapa na Moses Golola wa Uganda. Akapigwa tena. Kamisheni ya ngumi za kulipwa, TPBRC, ikamsimamisha ili apimwe afya. Shabiki aliyelipia pambano la Mwanza naye alijua, kama kamisheni, kwamba Mandonga alikuwa ametoka kupigwa.

Kichwa kikipigwa, ubongo hutikisika ndani ya fuvu na mishipa midogo inaweza kupasuka. Damu hujikusanya polepole, huku mwenyewe akiongea na kutembea. Mkenya Robert Wangila, bingwa wa Olimpiki ya Seoul 1988, alilalamika refa aliposimamisha pambano lake na David Gonzales, Las Vegas, Julai 1994. Alijiona bado mzima. Alirudi chumba cha kubadilishia nguo kwa miguu yake, kisha akapoteza fahamu na hakuamka tena. Alikuwa na miaka 26. Hapa kwetu, Desemba 2024, Hassan Mgaya alifariki dunia Dar es Salaam baada ya kupigwa nokauti.

Wapo watakaosema bondia ni mtu mzima, amesaini mwenyewe, na kila kazi ina hatari zake. Kweli, hata dereva wa lori la tangawizi anayeteremka kutoka Mamba hucheza na roho yake. Ila hakuna anayelipa kiingilio ili amwone akipinduka.

Mwandishi wa safu hii hutazama ngumi na hana mpango wa kuacha. Anachokataa ni ile miluzi ya kumzomea refa anayewahi kusimamisha pambano, na lile neno "mwoga" analorushiwa bondia ambaye kona yake imetupa taulo. Miluzi hiyo promota huisikia, na pambano lijalo hupangwa kwa kuifuata.

Kwa hiyo siku tangazo la pambano litakapobandikwa Same, swali la kwanza lisiwe bei ya viti vya mbele. Aulizwe promota: daktari atakaa wapi, gari la wagonjwa litakuwepo hadi saa ngapi, na nani atagharamia mafuta na vipimo? Kutoka hapa hadi hospitali ya KCMC, Moshi, ni kama kilomita 100.