Kemikali za kucha: Ulaya imekagua chupa, Kenya ikague pia mkono wa fundi

TANGU Septemba 1, 2025, ni marufuku katika mataifa ya Muungano wa Ulaya kuuza au kumpaka mteja rangi ya kucha ya jeli iliyo na kemikali ijulikanayo kwa ufupi kama TPO.

Kemikali hiyo ni mojawapo ya zile zinazoifanya jeli igande inapomulikwa kwa taa. Iliharamishwa baada ya majaribio yaliyofanyiwa wanyama kuonyesha kwamba, kwa viwango vikubwa, inaweza kudhuru uwezo wa kuzaa. Wenye saluni hawakupewa hata muhula wa kumalizia chupa walizokuwa nazo rafuni.

Hapa Kenya, mteja anayesikia habari hizo ana haki ya kuuliza iwapo chupa iliyo mezani pa fundi wake ni salama. Ni swali la busara. Hata hivyo, swali hilo ni nusu tu ya jambo lenyewe, kwani hatari iliyo karibu zaidi na vidole vya mteja haimo katika chupa peke yake. Imo pia katika mkono unaoshika brashi.

Rangi ya jeli si sawa na ile ya kawaida ambayo hukauka kwa hewa. Jeli hubaki majimaji hadi itiwe chini ya taa ya miale ya urujuanimno au ya LED, ndipo chembechembe zake zishikane na kuwa ngumu. Aina hii ilienea katika saluni za ulimwengu kuanzia 2010, na leo hii haikosekani katika vibanda vya katikati ya jiji la Nairobi, Mombasa na hata miji midogo ya mashinani.

Kazi hiyo imewapa riziki vijana wengi, wasichana kwa wavulana. Mtaji wake si mkubwa: taa ndogo, tupa, brashi, chupa kadhaa za rangi na kiti. Mafunzo nayo, aghalabu, ni ya kuketi kando ya fundi mzoefu kwa siku chache na kutazama. Anayejifunza huona mikono ikienda, lakini ni nadra aelezwe kwa nini inakwenda hivyo.

Na hapo ndipo pana tatizo. Kupaka jeli kwa usawa huchukuliwa kuwa suala la urembo, ilhali ni suala la afya.

Fundi anayefanya kazi inavyostahili huanza kwa kuusukuma nyuma utando mwembamba wa ngozi ulioshika shina la kucha. Kisha hupitisha tupa laini kuondoa mng'ao, akaipangusa kucha kwa spiriti, maadamu jeli haishiki penye mafuta wala vumbi.

Tabaka la msingi hupakwa likiwa jembamba na kutiwa chini ya taa. Rangi hufuata. Tone dogo huwekwa katikati ya kucha, brashi ikalisukuma taratibu kuelekea shina na kusita kiasi cha upana wa unywele kabla ya kufika kwenye ngozi. Kutoka hapo huvutwa hadi nchani, kisha pande mbili, na mwisho ukingo wa ncha nao hufunikwa ili rangi isianze kubanduka hapo.

Kosa la anayeanza ni kutaka rangi ikolee kwa mpako mmoja. Mpako wa kwanza ukionekana hafifu na wenye michirizi, yeye hudhani ameharibu, akaongeza tone kubwa. Ukweli ni kwamba mpako wa kwanza hustahili kuonekana hivyo. Rangi hukolea katika mpako wa pili, kila mmoja ukiwa mwembamba na kila mmoja ukimulikwa peke yake.

Sababu yake ni rahisi kueleweka. Mwanga wa taa hauwezi kupenya tabaka nene, hasa rangi ikiwa nyeusi au nyeupe tititi. Juu jeli huganda, chini ikabaki mbichi. Wakati mwingine hujikunja kama ngozi ya maziwa yaliyopoa, na hapo fundi hutambua kosa. Lakini mara nyingi hung'aa vizuri tu, na mteja akalipa akaenda zake. Wahenga walinena: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Hiyo jeli mbichi ndiyo yenye madhara. Ina kemikali za jamii ya akrilati, ikiwemo moja iitwayo HEMA, ambazo zikigusa ngozi mara kwa mara kabla ya kuganda zinaweza kuufanya mwili uzichukie. Vidole huwasha, huvimba na kupasuka, na kucha zenyewe huweza kuachana na nyama. Si vidole tu, kwani anayejigusa uso huweza kuvimba kope.

Mwili ukishazikataa kemikali hizo, hali hiyo kwa kawaida hudumu maishani. Fauka ya hayo, akrilati hutumiwa na madaktari wa meno kuziba matundu na hata katika saruji ya kushikilia viungo bandia vya mifupa. Kwa hivyo, mtu aliyepata mzio kwa sababu ya kucha anaweza kutatizika hospitalini miaka mingi baadaye. Mnamo 2018, chama cha madaktari wa ngozi wa Uingereza kilitoa onyo kuhusu suala hili. Tangu 2021, Ulaya imeruhusu HEMA katika bidhaa za kucha kwa matumizi ya mafundi waliohitimu pekee.

Ieleweke kwamba wa kwanza kuumia si mteja. Mteja huja mara moja kwa wiki mbili au tatu, lakini fundi huishika jeli kutwa kucha. Kijana anayefuta jeli iliyomwagika kwa kidole kitupu anahatarisha kazi anayoitegemea kwa chakula na kodi ya nyumba.

Taa nazo zina lawama yake. Taa hafifu, au ile ambayo kuta zake zimechafuka kwa jeli iliyogandia humo, haitoi mwanga wa kutosha hata mpako ukiwa mwembamba. Hali kadhalika, kidole gumba kikitiwa pamoja na vingine vinne hulala upande, nusu ya kucha ikakosa mwanga. Fundi mwangalifu hukitia peke yake.

Kuna watakaosema kwamba kudai vyeti ni kuwaongezea mzigo vijana ambao tayari wanalipia leseni za kaunti na kodi ya vibanda. Hoja hiyo ina uzito. Cheti cha bei ghali kitawafukuza wanyonge sokoni na kuwaachia nafasi wenye pesa.

Hata hivyo, njia ya kati ipo. NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya kiviwanda, huwatahini mafundi wa urembo kwa kupima ujuzi wa mikono yao. Mtihani mfupi wa kucha, wa ada nafuu na unaofanyiwa karibu na soko, ungemfaa yule aliyejifunzia kibandani bila kumlazimisha kurudi darasani miaka miwili. Maswali yake yasiwe mengi: tabaka jembamba, ngozi isiguswe, taa safi, glavu mkononi.

KEBS, shirika linalokadiria ubora wa bidhaa, nalo lina wajibu wa kuueleza umma waziwazi msimamo wa nchi kuhusu TPO, na kuhakikisha kwamba chupa zilizokataliwa Ulaya hazigeuki kuwa bidhaa za bei rahisi huku kwetu. Tumewahi kuyaona mafuta ya kuchubua ngozi yakipigwa marufuku na bado yakauzwa. Tangazo pekee halimfikii msichana aliyeketi kwenye kibanda akingoja mteja wake wa kwanza.

Mteja pia ana sehemu yake. Anayemhimiza fundi afanye haraka, au anayelalama kwamba mpako wa kwanza haujakolea, ndiye anayemfunza kupaka kwa unene. Asubiri mpako wa pili. Na akihisi mwasho, asimwombe fundi aifunike kwa rangi nyingine, bali aiondoe na kumwona daktari.