Kocha wa watoto husafiri na makaratasi

Kocha anayepeleka watoto kucheza mbali hupimwa kwenye hati zao kabla ya kupimwa uwanjani. Mfano ulio wazi uko ng'ambo ya mto Lubiriha, mpakani mwa Kongo na Uganda, upande wa Uganda, tena si wa soka bali wa besiboli. Mwaka 2011 watoto wa Kampala, wa miaka 11 na 12, walishinda mashindano ya kanda na kufuzu Kombe la Dunia la Little League huko Williamsport, Pennsylvania. Hawakufika. Marekani iliwanyima viza kwa sababu umri ulioandikwa kwenye hati zao haukuoana. Mwaka uliofuata timu ya Lugazi, nayo ya Uganda, ilifika, ikawa ya kwanza kutoka Afrika kucheza pale, na mwaka 2015 Waganda waliishinda Jamhuri ya Dominika 4-1.

Hitilafu ya tarehe si lazima iwe udanganyifu. Kwetu mashariki mwa Kongo, Beni na Butembo zimejaa familia zilizokimbia vijiji bila kubeba hata sufuria, sembuse hati. Kwa sheria ya Kongo, mtoto asiyeandikishwa ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa huhitaji hukumu ya mahakama ili apate hati, na hukumu haipatikani wiki moja kabla ya safari. Kwa hiyo kocha makini hukaa na wazazi miezi mapema, akilinganisha kadi ya chanjo, daftari la shule na cheti cha ubatizo. Kocha anayempunguzia kijana miaka miwili ili apate kombe huwa amemnyang'anya nafasi mtoto mwingine mwenye umri halali, na hilo wapenzi wa timu hulisahau haraka mno.

Uwanjani, besiboli ina kanuni ambayo soka ingefaa kuiazima. Katika Little League mrushaji wa miaka 11 au 12 haruhusiwi kurusha zaidi ya mara 85 kwa siku, na akifikisha 66 hupumzika siku nne. Mifupa ya kiwiko bado inakua, na mtoto anayetaka kushinda hatasema kwamba anaumia. Ndiyo maana pembeni ya uwanja huwepo mtu wa kuhesabu kila mpira unaorushwa. Kasindi, upande wa Kongo wa mpaka huo, ambako mpira maana yake ni soka, mtoto anaweza kucheza mechi mbili kwa siku moja katika mashindano ya likizo bila yeyote kuweka hesabu. Hesabu hiyo inabaki kwa kocha.

Halafu kuna barabara. Kasindi hadi Beni ni kilomita 80 hivi, sehemu yake ikipita ndani ya Hifadhi ya Virunga, na waasi wa ADF wamewahi kushambulia magari humo. Kocha mwenye akili huulizia hali ya njia asubuhi ya safari, hukataa mechi ya saa kumi jioni, na habari zikiwa mbaya hukubali kupoteza pointi tatu. Kuvuka mpaka kwenda Mpondwe, Uganda, ni karibu zaidi, lakini kila mzazi aandike ruhusa yake.

Linabaki suala la michango. Mzazi aliyetoa nauli ana haki ya kuona fedha zake zilivyotumika, na mwanawe ana haki ya kuingia uwanjani, hata kwa dakika 20.